"Kuwinda bure": ni nani anaishia kulipa?



Kuna ahadi moja yenye haizeekake: fanya kile unachopenda, Leta atakulipia. Huko Marekani ahadi hiyo imevaa nguo nyingi. Kuna wenye kuiuza kwa wapenda farasi, kuna wenye kuiuza kwa wavuvi wa wikendi, wengine kwa wenye kashamba ka kupumzikia. Maneno ni yale yale: "Raha yako ya nje ya nyumba inaweza kukatwa ku kodi." Mnaonaka video za namna hiyo zikipita ku simu zenu, kijana amesimama mbele ya mashua au gari kubwa, anasema kwamba matajiri hawalipake kodi juu wanajua siri.

Leo nataka kuchambua mpango mmoja tu wa jamii hiyo: ule wa wawindaji na vichwa vya nyama wa pori. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, historia yake iko wazi: iliandikwa mu magazeti, ikafika bungeni, ikafika mahakamani. Ya pili, nyama wengi wa ile biashara walikufa huku kwetu Afrika, na hata jina la zile safari zao walilitoa mu lugha yetu. Kwa hiyo hatuwezi kusema ni mambo ya watu wa mbali.

Tuanze na jinsi ulivyokuwa unatembea.

Mtu mwenye franga, tuseme wa Texas, analipa safari ya kuja kuwinda. Analipa ndege, kiongozi, kibali, siku za kambi. Anapiga nyati, kudu, pengine chui. Fundi anakausha ngozi, anajaza kichwa, anakiweka macho ya kioo, kisha kinasafirishwa mpaka nyumbani kwake. Mwaka wa kwanza kinapendeza ukutani. Mwaka wa kumi ukuta umejaa, gereji imejaa, bibi amechoka na pembe. Hapo anatokea mshauri mmoja na kumwambia: usitupe, toa zawadi kwa nyumba ya makumbusho.

Sheria ya kodi ya Marekani inasema kwamba mtu akitoa mali kwa shirika la elimu au la hisani, mara nyingi anaweza kukata bei ya soko ya ile mali ku mapato yake yenye kulipiwa kodi. Kama mali ni ya thamani kubwa, zaidi ya dola 5,000, lazima kuwe karatasi ya mtaalamu mwenye kuithamini. Sheria yenyewe si mbaya. Bila hiyo, mize nyingi na vyuo vikuu vingi vya kule vingekosa vitabu, picha, vyombo vya maabara. Lakini angalieni ule mlango: bei inatoka wapi? Inatoka kwa mtaalamu. Na mtaalamu analipwa na nani? Na mwenye kutoa zawadi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na wathamini wenye kujitangaza waziwazi kwa wawindaji kwamba wanaweza kuwinda bure. Hilo neno "bure" njo linanikamata. Ngoja tulipige hesabu polepole, juu hapa njo kuna siri yote, na wengi kati yetu tunaichanganya.

Kukata ku mapato si kukata ku kodi. Ukisikia mtu anasema "nimekata dola 100", haina maana kwamba Leta amemrudishia dola 100. Ina maana kwamba mapato yake yamehesabiwa pungufu kwa dola 100. Mu 2005 tajiri wa kule wa ngazi ya juu kabisa alikuwa analipa Leta kuu asilimia 35 ya ile sehemu ya juu ya mapato yake. Kwa hiyo dola 100 alizokata zilimwokolea dola 35. Zile 65 zingine zimekwenda kabisa, zimetoka mu mfuko wake.

Maana yake ni hii: ukitangaza bei ya kweli, hakuna kodi ya namna hiyo yenye inaweza kufanya raha yako kuwa bure. Haiwezekani. Utapata punguzo, basi. Ili ifike bure, lazima uandike bei kubwa kuliko ile ya kweli, na si kidogo.

Tutoe mfano, namba ni zangu za kufundishia. Mwindaji ametumia dola 20,000 kwa safari nzima. Kile kichwa, akikipeleka ku mnada, kitauzwa dola 2,000. Akikata 2,000, ameokoa dola 700. Safari bado imemgharimu zaidi ya 19,000. Sasa mthamini anaandika kwamba kichwa kina thamani ya dola 60,000. Akikata 60,000, ameokoa 21,000. Safari imekuwa bure, na amebaki na dola 1,000 ya bia. Kati ya hesabu ya kwanza na ya pili, nyama ni ule ule, kichwa ni kile kile. Kilichobadilika ni karatasi moja yenye sahihi.

Ndiyo maana nasema: mtu akikuahidi raha ya bure kwa njia ya kodi, tayari amekuambia, bila kutaka, kwamba bei itakuwa ya uongo. Hauhitaji kuwa mwanasheria ili umkamate. Kuzidisha na kutoa kunatosha.

Mu 2005 gazeti la Washington Post liliandika juu ya ile biashara, na mashirika ya kutetea wanyama yakaipigia kelele. Kilichowashangaza watu ni nyumba zenyewe za makumbusho. Moja ilikuwa mu jimbo la Nebraska, mbali na miji mikubwa. Ilipokea mamia ya vichwa vya nyama, na vingi viliwekwa mu wagoni ya zamani ya treni, hapana mu chumba chenye watoto wa shule wanaweza kuingia na kuangalia. Jiulizeni: zawadi ya elimu yenye hakuna mwanafunzi ataiona, ni elimu ya nani? Wagoni ile ilikuwa kazi yake ni moja, kupokea vitu ili karatasi ya upande wa pili iwe halali.

Seneta Chuck Grassley wa Iowa, mwenye alikuwa anaongoza kamati ya fedha ya Seneti, aliishika ile habari. Tarehe 17 Agosti 2006, Rais George W. Bush alitia sahihi sheria kubwa ya mambo ya pensheni, na ndani yake kulikuwa kipande kidogo juu ya nyama wa kujazwa. Kinasema kwamba mwindaji mwenye alilipa kazi ya kukausha na kujaza hawezi tena kukata bei ya mthamini. Anaweza kukata tu kile alicholipa kwa kuandaa na kujaza ule mwili. Ndege haimo. Kambi haimo. Risasi haimo. Kwa sentensi chache, "bure" ilikufa.

Lakini mnajua mayele hayafe siku moja na sheria. Kesi zilizobaki ziliendelea kutembea mahakamani, na moja inastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa uchumi na wa kilimo. Iliamuliwa mu 2017 na mahakama ya kodi ya Marekani. Mwindaji mmoja alikuwa ametoa vitu 177: vichwa, ngozi, pembe, mafuvu. Alikata zaidi ya dola milioni 1.4. Ofisi ya kodi ilikataa, ikamwachia kama dola 163,000 tu, na mahakama ikabaki ku ile namba ndogo.

Mabishano yalikuwa juu ya swali moja zuri sana: thamani ya kitu ni nini?

Wathamini wa mwindaji walisema: ili upate tena kichwa kama hiki, utalazimika kulipa ndege, kiongozi, kibali, fundi. Jumlisha hizo gharama, hiyo njo thamani yake. Ofisi ya kodi ilisema: hapana, kuna soko la hivi vitu, vinauzwa na kununuliwa, tuangalie vinauzwa bei gani. Mahakama ilikubali ofisi ya kodi. Tena ilionyesha kwamba vile vitu 177 vilikuwa mabaki ya mkusanyo wake. Vile vizuri alibaki navyo nyumbani.

Sisi watu wa kilimo tungeweza kumwambia yule hakimu jibu bila kusoma kurasa zote. Mama wa Kabare akileta gunia la muhogo mu soko la Kadutu, anaweza kueleza yote: alilima mara mbili, mvua ilimharibia, alilipa mabebaji, alilipa ku kila kizuizi njiani. Gunia lilimgharimu sana. Mnunuzi atamsikiliza, pengine atamhurumia, lakini atalipa bei ya siku ile. Gharama ya kupata kitu na bei ya kitu ni mambo mawili. Mama huyo anapata hasara, hakuna mtaalamu mwenye anakuja kumwandikia kwamba gunia lake lina thamani ya jasho lake lote. Tajiri wa Texas, yeye, aliomba kwamba jasho lake la raha lihesabiwe kama thamani, na kwamba walipa kodi wengine wabebe tofauti. Kile sokoni tunakiita hasara, kwake kiligeuzwa zawadi.

Sasa niwe wa haki. Kuna watetezi wa wawindaji, na hoja zao si za kipumbavu zote.

Wanasema: pesa ya wawindaji inalinda mapori ya Afrika. Kuna mahali pa kusini na mashariki mwa bara penye ada za uwindaji zinaingia kweli mu kazi ya kulinda mbuga na mu mifuko ya vijiji, na watu wa hifadhi wanabishana sana kama inatosha. Sitamaliza ule ubishi hapa. Lakini msichanganye. Ada ililipwa siku ya kuwinda. Msamaha wa kodi ulikuja kisha, na haukuuliza hata mara moja kama kuna senti ilifika kijijini. Haukutofautisha nyama mwenye alipigwa kwa mpango mzuri wa hifadhi na mwenye alipigwa ndani ya uzio. Uliuliza tu: karatasi ya mthamini iko wapi? Kwa hiyo usitetee karatasi kwa jina la pori.

Wanasema tena: mikusanyo ya makumbusho inasaidia sayansi. Kweli. Ngozi na fuvu vyenye tarehe, mahali na jina la mwenye kukusanya ni hazina. Hata sisi mu laboratware tunajua herbarium bila etiketi ni majani makavu tu. Lakini sayansi inataka etiketi. Kitu kikitolewa kwa sababu ya bei yake ku kodi, hakuna mwenye kuhangaika na etiketi.

Na wanasema: ilikuwa halali. Hapo njo naona jambo zito zaidi. Kutoa zawadi ilikuwa halali. Kukata bei ya soko ilikuwa halali. Kulipa mthamini ilikuwa halali. Kila kipande, ukikishika peke yake, hakina doa. Uongo ulikaa mahali pamoja tu, mu namba. Na ile namba haikuandikwa na mwindaji; iliandikwa na mtu mwenye alisoma.

Wamarekani wenyewe wamepigana na hii jamii ya mipango kwa muda mrefu. Tangu 1969 sheria yao ya kodi inatenganisha biashara na mchezo wa kujifurahisha. Kama shughuli yako haitafuti faida kweli, hasara zake hauwezi kuziegemeza ku mshahara wako ili ulipe kodi kidogo. Kuna kipimo chepesi: ukipata faida miaka 3 kati ya 5, wanakuhesabu kuwa mfanyabiashara mpaka wao waonyeshe kinyume, kwa farasi ni miaka 2 kati ya 7. Ukikosa hicho, wanaangalia mambo mengine: unaweka vitabu vya hesabu? Unafuata ushauri wa wataalamu? Unabadilisha namna ya kazi wakati hasara inazidi? Au ni raha yako tu? Mu 1978 waliongeza kwamba kampuni haiwezi tena kukata gharama za mashua za starehe na nyumba za uwindaji za kukaribishia wageni. Mu 2017 wakaondoa hata gharama za kumpeleka mteja ku golf.

Kila mara mlango mmoja ukifungwa, muuzaji wa ahadi anahamia dirishani. Lakini angalieni vile vipimo: kuweka vitabu, kufuata ushauri, kubadilika hasara ikizidi. Hayo njo maisha ya mkulima wa kweli. Mwenye farasi wa wikendi anavaa kofia ya mkulima ku siku ya kodi tu. Na kila mara Leta anapokamata mkulima wa uongo, anaongeza karatasi kwa mkulima wa kweli. Tajiri ana wakili wa kuzijaza. Mkulima mdogo hana.

Sasa kwa nini nawaandikia ninyi, wenye hamna farasi wala safari?

Juu ya ile karatasi.

Mwaka wangu wa kwanza kisha lisansi, nilikuwa na deni la nyumba la miezi miwili. Baba mmoja mwenye nguvu kidogo, sitamtaja, alinipeleka ku kiwanja chake inje ya mji. Nyumba nzuri ya wikendi, majani yamekatwa vizuri, kidimbwi cha samaki cha kuvutia wageni, paillote ya kunywea. Sheria yetu ya ardhi ya 1973 inadai kwamba ardhi ya konsesyo itumiwe kweli, isikae bure. Alitaka raporo ya agronomu yenye kusema kwamba pale kuna shamba la uzalishaji na miti 400 ya avoka. Nilitembea na daftari, nikahesabu miti 31, na mingine ilikuwa michanga.

Aliniwekea dola 150 ku meza. Akaniambia: "Mutoto yangu, tia tu sinyatire. Hakuna mutu atakuya kuhesabia miti."

Nitasema ukweli: sikukataa palepale. Nilisema nitafikiri. Nililala siku mbili na zile dola kichwani. Siku ya tatu nikampelekea raporo yenye miti 31, na kurasa mbili za ushauri namna anaweza kufika 400 kwa misimu minne. Aliisoma mpaka ku namba, akanilipa transport, hakuniita tena. Kisha wiki chache nikasikia mtu mwingine wa taaluma yetu ametia sahihi. Sijui kama aliona ile miti 400. Najua tu mimi niliona 31.

Ile siku sikufikiri juu ya Nebraska. Lakini nikisoma hii historia ya vichwa vya nyama, naona ni kiwanja kile kile. Mwenye mali anataka raha yake iitwe jina lingine: huko "zawadi ya elimu", hapa "shamba". Leta hana macho ya kuona kila mahali, kwa hiyo anakopa macho ya mwenye diploma. Na mwenye diploma ana deni la nyumba.

Watu wanasema sisi vijana wa lisansi hatuna kitu cha kuuza. Si kweli. Tuko na kitu kimoja chenye matajiri wa Texas na wa kwetu wote wanakitafuta, na hawawezi kukitengeneza wao wenyewe: sahihi yenye watu wanaiamini. Wathamini wa "kuwinda bure" walikuwa nayo. Waliiuza kwa vipande, kichwa kwa kichwa, mpaka bunge likaandika sheria yenye kusema, kwa maneno mengine, kwamba kwa jambo hili neno la mthamini halitaulizwa tena. Hebu fikirini hiyo adhabu. Sheria haikuwafunga jela. Iliwaondoa tu mu hesabu. Ikachukua fakturi ya fundi wa kujaza ngozi, ikaiamini kuliko mtaalamu.

Hapo njo naogopa kwa ajili yetu. Siku raporo ya agronomu itakuwa haina uzito kuliko risiti ya mpanda majani, hatutaweza kumlaumu Leta peke yake.

Kwa hiyo mkipata video yenye kuahidi raha ya bure, hapa au ng'ambo, fanyeni ile hesabu ya kuzidisha mbele ya kuituma kwa wenzenu. Na mkiletewa karatasi ya kutia sahihi, nendeni kwanza mkahesabu miti.

Wenye mmeshaletewa karatasi ya namna hiyo, andikeni hapa chini bila kutaja majina: mliombwa kuandika nini, na mliona nini kweli? Nadhani namba zetu, tukiziweka pamoja, zitatuambia jambo.